Blade Runner: Filamu Moja, Matoleo Matano

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze kuhusu filamu moja ya zamani, na kuhusu ubishi wangu na mjomba uliodumu miaka kadhaa kabla sijagundua kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Filamu yenyewe ni Blade Runner, iliyoelekezwa na Ridley Scott mwaka 1982. Kwa wasioijua: tuko Los Angeles, Novemba 2019 kama watu wa 1982 walivyoiwaza. Mvua haikomi na magari yanapaa. Deckard, anayeigizwa na Harrison Ford, anapewa kazi ya kuwasaka replikanti, yaani watu waliotengenezwa na kampuni, wenye nguvu kutushinda lakini waliopewa miaka minne tu ya kuishi. Hadithi ilitokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968.

Mjomba alikuwa na filamu hii kwenye kanda ya VHS miaka ya tisini. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye DVD nikiwa kidato cha kwanza. Nilipomsimulia, akaniuliza, "Na ile sauti ya Deckard akijisimulia, uliipenda?" Nikamwambia hakuna sauti. "Na pale mwisho, wakiendesha gari kwenye milima ya kijani?" Nikamwambia hakuna milima, Mjomba, mlango wa lifti unafungwa na filamu inaisha. Akashikilia lake, nami nikashikilia langu, maana mimi ndiye niliyeiona juzi. Nikamcheka, nikamwambia amechanganya na filamu nyingine.

Kanda yake ingetuamua, lakini haikuwapo tena. Wanaozikumbuka kanda zile wanajua kwamba ukivunja kile kidude kidogo cha plastiki ubavuni, haziwezi kurekodiwa tena. Wanajua pia kwamba ukibandika selotepu juu ya kile kitundu, zinarekodiwa vizuri tu. Mtu nyumbani alibandika selotepu, akarekodi harusi juu ya Blade Runner.

Baadaye sana nilijua kwamba sote wawili tulisema kweli. Tulikuwa tumeona filamu mbili zenye jina moja.

Toleo la majaribio

Machi 1982, filamu ikiwa bado haijakamilika, nakala ya kazi ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio mjini Denver na Dallas. Ichukulie kama toleo la beta. Muziki wa Vangelis ulikuwa haujatosha, kwa hivyo sehemu za mwisho zilijazwa muziki wa kuazima. Wengi waliotazama walilalamika kwamba hawakuelewa hadithi na kwamba mwisho wake ulikuwa mzito.

Filamu ilikuwa imezidi bajeti, na waliodhamini fedha walikuwa na usemi mkubwa. Mambo mawili yakaongezwa. Kwanza, Ford alirekodi sauti ya msimulizi inayoeleza karibu kila kitu unachokiona. Pili, ukawekwa mwisho wa furaha: Deckard na Rachael wanaendesha gari kwenye milima ya kijani, na sauti inatuambia kwamba Rachael hakuwekewa tarehe ya kufa. Picha za milima zilizopigwa kutoka angani ni mabaki ya filamu nyingine kabisa, The Shining ya mwaka 1980, ambayo Stanley Kubrick alimpa Scott.

Kwa lugha ya kazi yetu: watumiaji walilalamika, na badala ya kurekebisha mfumo, tukawabandikia maelezo kwenye skrini.

Filamu ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982. Ilikuwa siku moja na The Thing, na wiki mbili tu baada ya E.T. Haikufanya vizuri sinemani. Nje ya Marekani likatoka toleo jingine linalofanana na hilo, ila lina sekunde chache zaidi za ukatili, kwa mfano pale Roy Batty anapomuua Tyrell kwa kumminya macho. Kwa hivyo mwaka 1982 haujaisha, tayari tuna matoleo matatu.

Kanda, diski, na picha iliyokatwa

Filamu ilipata uhai wa pili majumbani. Kanda za kwanza zilitoka Marekani mwaka 1983, zikiwa na lile toleo la kimataifa lenye ukatili zaidi. Lakini kulikuwa na tatizo la umbo. Picha ya sinema ni pana, upana wake ukiwa karibu mara 2.4 ya kimo. Televisheni ya zamani ilikuwa 4 kwa 3. Ili picha ijae skrini, pande zilikatwa, na zaidi ya theluthi moja ya kile kilichopigwa haikuonekana. Katika filamu ambayo nusu ya utamu wake ni mji wenyewe, hiyo ni hasara kubwa. Mwaka 1987 kampuni ya Criterion ilitoa diski ya leza iliyoonyesha picha nzima, na mistari myeusi juu na chini. Hapo ndipo wengi walipoona kwamba kanda ilikuwa imewaficha mengi.

Jambo jingine la kujua unapolinganisha: usiamini dakika zilizoandikwa kwenye kasha. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, ambao Kenya na Uingereza zilitumia, huonyesha 25. Mara nyingi suluhisho lilikuwa kuiharakisha filamu nzima kwa asilimia 4. Filamu ya dakika 117 inakuwa ya 112 na ushee bila kukatwa hata picha moja.

Nakala iliyosahaulika

Mwaka 1989, Michael Arick, aliyekuwa akishughulikia uhifadhi wa filamu, alikuta reli za milimita 70 za Blade Runner kwenye ghala la kampuni ya Todd-AO mjini Los Angeles. Alikuwa akitafuta kitu kingine. Mei 1990 nakala hiyo ikaonyeshwa katika ukumbi wa Fairfax, mjini humo humo, kwa watu waliodhani wamekuja kuona filamu waliyoizoea. Sauti ya msimulizi haikusikika isipokuwa kidogo karibu na mwisho. Milima nayo haikuonekana. Ilikuwa ile beta ya Denver na Dallas.

Hakuna aliyeamua kuitunza ili dunia ije iione. Kilichoiokoa ni kwamba hakuna aliyeitupa.

Mwaka 1991 studio ikaionyesha Los Angeles na San Francisco, na watu wakafurika. Iliitangaza kuwa ndilo toleo la mwelekezi, lakini Scott akakataa, akisema ni kazi isiyokamilika. Baada ya hapo ndipo likatengenezwa lile lililotoka mwaka 1992 kwa jina The Director's Cut. Arick aliliunda akifuata maelezo ya Scott, na kazi ilifanywa kwa haraka. Sauti ya msimulizi ikaondolewa, milima ikaondolewa, na ikaingizwa ndoto fupi ya farasi mwenye pembe moja. Ndoto hiyo ya sekunde chache inageuza filamu nzima. Mwishoni Deckard anaokota kifarasi cha karatasi chenye pembe moja, kilichoachwa mlangoni na polisi mwenzake. Huyo polisi alijuaje ndoto yake? Labda Deckard naye ni replikanti.

Toleo hilo ndilo lililoingia kwenye DVD mwaka 1997, siku za mwanzo kabisa za DVD, na ndilo nililoliona mimi. Mjomba alikuwa ameona la 1982.

Matano kwenye sanduku moja

Mwaka 2007 likaja The Final Cut, la kwanza ambalo Scott alilisimamia kikamilifu. Negativu za milimita 35 ziliskaniwa kwa 4K, na zile za milimita 65 zenye picha za magari na majengo kwa 8K. Ili uelewe tofauti: picha moja ya DVD ya PAL ni pikseli 720 kwa 576, na ya diski ya 4K iliyotoka mwaka 2017 ni 3840 kwa 2160. Piga hesabu, ni mara 20 kamili.

Makosa mengi yalirekebishwa. Nyaya zilizoshikilia gari lipaalo zilifutwa. Mwanamke aliyemwakilisha Zhora katika tukio la kuvunja vioo alionekana wazi kuwa si yeye, kwa hivyo Joanna Cassidy alirudi miaka 25 baadaye na uso wake ukawekwa mahali pake. Mdomo wa Deckard haukulingana na maneno alipokuwa akizungumza na muuza nyoka, na wakamtumia mwanawe Harrison Ford, Ben, kurekebisha midomo. Ukatili wa toleo la kimataifa ukarudishwa, na ndoto ya farasi ikawa ndefu zaidi.

Kosa ninalolipenda zaidi ni la hesabu. Katika toleo la 1982, mkuu wa polisi anasema replikanti sita wametoroka na mmoja amekufa. Wanabaki watano. Lakini filamu inatuonyesha wanne tu! Mhusika wa tano alifutwa wakati wa kutengeneza filamu, na maneno hayakubadilishwa. Mashabiki wakajenga nadharia kubwa juu ya pengo hilo, kwamba Deckard ndiye aliyepungua. Mwaka 2007 mkuu huyo anasema waliokufa ni wawili. Hitilafu ilirekebishwa baada ya miaka 25, wakati watumiaji walikwisha kuifanya sehemu ya mfumo.

Lakini kilichonifurahisha kama mtengeneza programu si The Final Cut yenyewe. Ni kwamba seti kubwa ya Desemba 2007 ilikuwa na matoleo yote matano, hata lile la sauti ya msimulizi, hata ile beta. Matatu ya zamani, yaani la Marekani, la kimataifa na la 1992, yaliwekwa kwenye diski moja. Hayakurudiwa mara tatu. Vipande vinavyofanana vilihifadhiwa mara moja tu, na kila toleo likapewa orodha yake ya vipande. Ukichagua toleo, mashine inafuata orodha hiyo, ikiruka kutoka kipande hadi kipande, na kumbukumbu yake ya muda inaficha mruko usiuone. Wanaotumia Git wanalitambua wazo hili: faili ambayo haijabadilika haihifadhiwi upya, toleo jipya linaelekeza tu kwenye ile ya zamani. Kutunza historia si ghali kama tunavyodhani.

Sanduku lenyewe lilikuwa na bahati mbaya yake. Lilitolewa kwa DVD, Blu-ray na HD DVD. Januari 2008 Warner ikatangaza kuiacha HD DVD, na Februari Toshiba ikasalimu amri. Aliyenunua seti ya HD DVD kwa Krismasi alikuwa na historia yote ya filamu kwenye chombo kinachokufa. Kwa hivyo kutunza matoleo hakutoshi, lazima pia uyahamishe.

Linganisha na Star Wars. George Lucas aliibadilisha filamu yake ya 1977 mwaka 1997, akaendelea kuibadilisha, na akataka toleo jipya ndilo lihesabiwe. Mwaka 2006 toleo la zamani lilipotolewa kwenye DVD, lilikuwa kama nyongeza tu, likitumia masta ya diski ya leza ya miaka ya tisini. Mwenye kazi ana haki ya kuirekebisha, sikatai. Lakini waliolipa tiketi 1977 waliona kitu fulani, na kitu hicho ni historia yao pia.

Scott alikuwa na kila sababu ya kuficha toleo la 1982. Hakulipenda. Lakini limo kwenye sanduku, na kwa sababu limo, nilipata nafasi ya kuomba radhi.

Nilipoanza kupata mshahara nilinunua seti yenye matoleo yote, nikaipeleka kwa Mjomba. Nikachagua la 1982 bila kumwambia lolote. Sauti ya Ford ilipoanza kusimulia, akanigeukia tu, akatabasamu. Tukafika kwenye milima ya kijani. Nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, ulikuwa sahihi." Akasema hakuwa na shaka hata siku moja, ila nilikuwa nimefikia hatua ya kumfanya ajiulize kama uzee umeanza.

Hilo la mwisho liliniuma. Niliamini DVD yangu kuliko kumbukumbu ya mtu mzima, kwa sababu tu kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa kipya zaidi.

Kisha akaniomba tutazame lile langu. Sasa anasema The Final Cut ndiyo nzuri zaidi, na mimi nimeanza kuizoea sauti ya msimulizi. Ubishi unaendelea, ila safari hii ushahidi upo rafuni.

Basi, kama una kanda, diski au faili ya zamani kabatini, usiitupe kwa sababu tu umepata mpya. Itazame kwanza. Huenda si nakala ya kile unachokijua.