Lori dogo lililobuniwa shambani kabla ya kufika kiwandani

Pikapu ni gari dogo la mizigo lenye chumba cha dereva mbele na sanduku lililo wazi nyuma. Ingawa siku hizi huundwa kiwandani, chimbuko lake ni useremala wa wakulima wa Marekani.

Mnamo 1917, kampuni ya Ford ilianza kuuza Model TT, lori la kubeba tani moja, kwa dola 600. Chevrolet ilifuata mwaka wa 1918. Kwa kawaida malori hayo yaliuzwa bila bodi, na mnunuzi akajitafutia fundi wa kumjengea sehemu ya dereva na ya mizigo.

Kwa mkulima mdogo, lori la tani moja lilikuwa kubwa mno, naye hakumudu kununua magari mawili. Wengi walichukua Model T ya abiria, wakaifunga sanduku la mbao nyuma, na gari hilo hilo likabeba mazao na familia.

Ford ilitambua soko hilo. Aprili 1925, ilitoa Model T yenye sanduku la chuma lililofungwa kiwandani, kwa dola 281. Injini ilikuwa na nguvu za farasi 20 pekee. Hata hivyo, springi za nyuma ziliimarishwa, mlango wa nyuma uliweza kushushwa, na kingo za sanduku zilikuwa na matundu ya kusimamishia vigingi ili kuzuia mzigo mrefu. Takriban magari 34,000 ya aina hiyo yaliundwa mwaka huo.

Washindani hawakulala. Mwaka wa 1930, Chevrolet ilinunua kampuni ya Martin-Parry iliyotengeneza bodi za malori, nayo ikaanza kuuza pikapu zilizokamilika. Ford ilijibu mwaka wa 1932 kwa injini ya silinda nane.

Nchini Australia, mke wa mkulima aliiandikia Ford mwaka huo huo, akiomba gari la kumfikisha kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Mbunifu Lewis Bandt, wa kiwanda cha Geelong, aliunganisha chumba cha gari la abiria na sanduku la mizigo kuwa bodi moja. Gari hilo liliingia sokoni mwaka wa 1934.

Marekani ilisitisha uundaji wa pikapu za raia mwaka wa 1942, viwanda vilipogeukia zana za vita. Vita vilipokwisha, viwanda hivyo vilirejelea umbo lile lile ambalo wakulima walikuwa wamelianza kwa nyundo na mbao.