Boma Lililopanda Mlima: Asili ya Mji wa Kwale

Vijana wengi hudhani kwamba Kwale ndiyo makao ya serikali tangu kale. Sivyo. Hapo zamani wakubwa wa pwani yetu ya kusini walikaa baharini, Vanga, Shimoni na Gazi, mahali majahazi yapatapo kutia nanga.

Gazi ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Mwaka 1895 Waingereza walipoitwaa nchi hii kutoka kwa Kampuni, alipigana nao. Agosti mwaka huo Admiral Rawson akaivunja ngome yake ya Mwele, ndani ya vilima vya Shimba, na mwaka 1896 Mbaruk akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Basi vilima vile, ambavyo wengine huviona kuwa pori la palahala na tembo tu, vilijua vita kabla ya kumjua karani hata mmoja.

Mwaka 1914 Wajerumani nao walivuka mpaka wakafika Gazi, wakarudishwa. Baada ya vita hivyo ndipo boma lilipohamishiwa Kwale, kiasi cha mita 400 juu ya bahari, penye upepo wa baridi uliopendwa sana na Wazungu. Jina, husemwa, ni la yule ndege kwale. Mji huu haukuzaliwa na soko wala bandari, bali na meza ya Bwana Disii.

Kwa sababu hiyo haukukua kama jirani zake. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari mpaka 1988. Msambweni ina hospitali kubwa. Diani na Ukunda zina hoteli na watu tele. Kwale ina mahakama na ofisi. Mtu wa Vanga mwenye shauri la shamba husafiri hadi Kombani, ndipo akunje kupanda mlima. Na shauri la shamba kwetu si dogo: tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wengi wamekuta karatasi ya mgeni juu ya ardhi yenye makaburi ya babu zao.

Mwaka 2013 Kwale ikawa makao makuu ya kaunti, ambayo mwaka 2019 ilihesabiwa watu 866,820, toka Kinango hadi Vanga. Wote hao huupanda mlima ule ule.

Mzee yeyote aliyesimuliwa na babaye jinsi boma lilivyohama Gazi, tafadhali amwone katibu, habari zake ziandikwe katika taarifa ya mwaka ujao.