Waliozamia Habari Zetu

Mwaka 2017 nilipata kibarua cha ukalimani kwa miezi miwili. Mwanafunzi wa udaktari kutoka chuo cha mbali alikuja kambini na kibali chake, daftari tatu na maswali yaliyopigwa chapa. Mimi nilijua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa cha kuungaunga, basi akanichukua.

Siku moja tulikaa kwa mzee wa zoni yetu, mtu aliyekimbia mara mbili: 1972 akiwa kijana, na 2015 akiwa babu. Alikataa kurekodiwa. Akaeleza usiku waliovuka mto Malagarasi, akataja mmoja mmoja watu aliovuka nao. Majina 11. Kila jina aliliongezea neno: huyu alikuwa fundi cherehani, huyu alibeba mbuzi mabegani. Wingu la mvua lilikuwa limetanda na mimi nilikuwa na njaa. Nikatafsiri: "Anasema alivuka na ndugu zake."

Mwanafunzi akaandika hivyo hivyo. Mzee akaniuliza, "Majina umempa, mwanangu?" Nikamjibu, "Nimempa, mzee."

Mzee ameshafariki. Uongo ule mdogo ndio ulionifanya nianze kufuatilia hii kazi ya udaktari: nani aliianza huku kwetu, nani aliulizwa, na nini kilibaki kwenye karatasi.

Kwanza neno lenyewe. Hapa kambini yule mwanafunzi aliitwa "dokta", na mama mmoja akamletea mtoto mwenye kikohozi. Ikabidi nieleze kwamba huyu si wa dawa, ni wa vitabu. Kwa Kiswahili cha vyuoni shahada hiyo inaitwa uzamivu, kutokana na kuzama. Mtu anachagua jambo moja, analizamia miaka mitatu, mitano, hata saba, kisha anaandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Lakini mtaani mzamiaji ni nani? Si ni yule aliyeingia melini bila tiketi akatokea nchi ya watu bila karatasi? Mwenye uzamivu na mzamiaji, neno lao moja, ila mmoja ana kibali.

Zamani haikuwa rahisi hata kukubali kwamba sisi tuna historia ya kuzamia. Mwaka 1963 profesa wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba historia iliyopo Afrika ni ya Wazungu waliokuja Afrika, na kabla yao ni giza. Maana yake, pasipo maandishi hapana historia. Bibi akisimulia, hizo ni hadithi za jioni tu.

Wakati huohuo Bethwell Ogot, Mkenya aliyezaliwa 1929, alikuwa kwenye utafiti uliomjibu. Alichagua kuandika historia ya Wajaluo kuanzia miaka ya 1500, na habari hizo hazikuwa kwenye makabati ya Ulaya. Zilikuwa vinywani mwa wazee. Basi akakaa na wazee wa koo mbalimbali, akasikiliza nasaba zao, akahesabu vizazi ili kukadiria miaka, akalinganisha simulizi za ukoo huu na za ukoo ule. Zilipokubaliana alijua ana kitu mkononi. Zilipopingana alijiuliza nani anafaidika na kusema hivi. Chuo Kikuu cha London kilimpa udaktari 1965, na kitabu kikatoka 1967. Mtanzania Isaria Kimambo alifanya vivyo hivyo kwa Wapare, akapata shahada yake Marekani 1967.

Na historia ya Ogot inahusu nini? Inahusu watu waliohama. Walitoka pande za Sudan, wakapita Uganda, wakafika Nyanza, wakigombana, wakioana na wenyeji, wakibadilika njiani. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Kumbe wenye nchi wa leo ni wahamiaji wa jana, na imeandikwa kwa kibali cha chuo!

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1985 na 1986 Liisa Malkki, mwanaanthropolojia mwenye asili ya Finland, alikuwa Tanzania akikusanya habari za tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Harvard. Alikaa na wakimbizi Wahutu wa Burundi wa 1972, makundi mawili. Kundi moja lilikuwa makazi ya Mishamo, mbali porini. Jingine lilikuwa Kigoma mjini, watu waliojichanganya na wenyeji.

Alichokikuta kilimshangaza. Mishamo, karibu kila mtu alisimulia historia ileile ndefu: jinsi nchi ilivyokuwa, nani aliiharibu, damu iliyomwagika, na kwamba siku moja taifa lililo uhamishoni litarudi. Haikuwa kumbukumbu tupu, ilikuwa pia hukumu, wema huku na ubaya kule. Ukimbizi kwao ulikuwa kama cheo. Kigoma mjini ilikuwa kinyume. Watu walioa, walifanya biashara, walibadilisha utambulisho kulingana na mahali walipo, na neno mkimbizi hawakulitaka kabisa. Kwa Malkki, kambi yenyewe ndiyo iliyosaidia kupika ile historia: ukiwaweka watu pamoja, ukawatenga na kuwahesabu, wanakuwa taifa. Kitabu chake kilitoka 1995.

Wazee wengine hapa hawaipendi hitimisho hiyo. Mmoja aliniambia, "Yaani anasema tulitunga?" Nikamweleza kwamba hakusema watu hawakuuawa. Alisema kwamba namna ya kusimulia nayo ina sababu zake. Hakuridhika, na mimi simlaumu. Historia ya namna ile, yenye watu wema upande mmoja na wabaya upande mwingine, nimeiona ikiumiza pia, maana mtoto anarithi hasira kabla hajarithi shamba.

Kuna jambo jingine Malkki aliliandika 1996, na ndugu zetu wa mashirika wangelisoma. Alisema watoa misaada mara nyingi waliona maneno ya mkimbizi hayaaminiki, lakini jeraha lake liliaminika. Hata watu wa Mishamo walipoanza kuvuna na kujenga vizuri, wapo waliosema hawa hawafanani tena na wakimbizi wa kweli. Mwenye kusimulia vizuri anashukiwa, na mwenye kunyamaza akitazama kamera ndiye anayepigwa picha. Hayo ni ya zamani, lakini jiulize mara ya mwisho kujaza fomu, kisanduku cha "maelezo mengine" kilikuwa na mistari mingapi.

Je, mkimbizi mwenyewe anaweza kuwa mwenye daftari? Yupo aliyeweza. Mahmood Mamdani alikulia Kampala, na 1972 alikuwa amerudi huko kutoka Marekani kwa ajili ya utafiti wa udaktari. Mwezi wa nane Idi Amin akatoa amri ya kuwafukuza Waasia, siku 90. Mamdani akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi London. Hakusubiri mtu aje kumhoji. Aliandika mwenyewe habari ya safari ile na ya kambi ile, kitabu kikatoka 1973. Mwaka huo alienda kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 1974 akapata udaktari wake. Tuseme ukweli lakini: alikuwa na shahada mkononi kabla hajafukuzwa. Kijana wetu wa kidato cha nne ambaye vyeti vyake viliungua na nyumba ana mlima mwingine. UNHCR imeweka lengo kwamba ifikapo 2030 vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe elimu ya juu, na ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, umesomesha wengi shahada ya kwanza. Kutoka hapo hadi uzamivu ni mbali.

Lakini kazi aliyoifanya Ogot haianzi siku ya kupokelewa chuoni. Inaanza kwa kukaa na mzee, kuuliza jina, kuuliza tena kwa jirani, kulinganisha. Hiyo tunaweza. Na wewe unayekuja na kibali, mlipe mkalimani vizuri, mpe chakula, na mwisho wa siku mrudie mzee umsomee ulichoandika. Angesomewa mzee wangu, angenikamata palepale.

Baada ya msiba nilikwenda kwa binti yake nikamwambia nilichofanya. Alinyamaza muda, kisha akaniambia nilete daftari. Yeye alikumbuka majina matano. Mama mmoja wa zoni ya pili, aliyekulia Ulyankulu, aliongeza mawili, na yote mawili yalithibitishwa na shemeji yake. Hivyo ninayo saba. Yule wa cherehani nimempata. Aliyebeba mbuzi bado, na wengine watatu.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyevuka Malagarasi 1972, muulize. Daftari ninalo, na safari hii nitaandika kila jina.