Redio za upepo kwa boti za wavuvi: jinsi ya kuchagua na kujifunza kuzitumia

Boti nne za bandari yetu, upande wa Msambweni, zilikaa na redio za upepo mwezi mzima kabla hatujagundua kwamba haziwezi kusikiana. Tuligundua usiku ambao mojawapo ilizimikiwa na mashine nje ya mwamba, kusi likivuma, na ndani yake mna mabaharia wanne. Nahodha aliita tangu magharibi mpaka betri ikaisha. Boti zetu mbili zilikuwa zimetega nyavu si mbali na pale, redio zimewashwa. Hazikusikia hata neno moja.

Aliyewapangia chaneli ni mimi. Siku redio zilipofika tulizijaribu pale bandarini kwa chaneli 16, na zikasikika safi. Baada ya siku chache nikachoshwa na mazungumzo ya meli, nikapitia chaneli moja moja nikitafuta iliyo kimya. Nikaikuta 25. Nikawaandikia manahodha wote kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba hiyo ndiyo yetu. Kwa ujuaji wangu nikaongeza kwamba 16 ni ya meli kubwa, na atakayeigusa atapigwa faini.

Nisichokijua ni kwamba chaneli za VHF za baharini si za aina moja. Nyingine, kama 16, hutumia masafa mamoja kwa kusema na kusikiliza. Nyingine, kama 25, zina masafa mawili: chombo kinasema kwa 157.250 MHz na kusikiliza kwa 161.850 MHz, na kituo cha nchi kavu hufanya kinyume chake. Kwa hiyo boti mbili zikikutana kwenye 25, zote zinasema mahali ambapo hakuna anayesikiliza. Laiti tungejaribu mara moja tu, boti kwa boti, tungejua siku hiyo hiyo.

Wale wanne walionekana alfajiri. Mkondo ulikuwa umewasukuma kaskazini hadi usawa wa Diani, karibu sana na pale mawimbi yanapopasuka juu ya mwamba, na boti nyingine ya wavuvi ikawakokota. Tangu hapo watu wa BMU za jirani hunipigia kuuliza wanunue redio gani. Naandika hapa ili nisirudie maelezo yale yale kila jioni, na ili mtu mwingine asiwaandikie wenzake ujumbe kama ule wangu.

Ya kununua

Kwa anayekwenda baharini, jibu langu ni moja: redio ya mkono ya VHF iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari. Zile redio ndogo nyeusi za bei rahisi, ambazo walinzi wa maduka na waandaaji wa harusi hupenda kuzitumia, zinaweza kuwekwa kwenye masafa ya chaneli 16, na vijana wengi wamenionyesha hivyo kwa fahari. Lakini nyingi haziingii majini zikatoka salama. Tena ukikosea namba moja unajikuta unasema kwenye masafa ya polisi au ya ndege, na hilo ni kosa la jinai. Kwenye redio ya baharini unachagua chaneli tu, basi. Mtu aliyelowa anayetetemeka hawezi kupanga masafa.

Tazama alama ya IPX7 au IPX8 kwenye boksi. IPX7 maana yake redio imepimwa kwa kuzamishwa mita 1 ndani ya maji kwa dakika 30. Hiyo haimaanishi kwamba inaelea. Zipo zenye alama hiyo zinazozama kama jiwe, kwa hiyo uliza maneno hayo mawili kwa mafungu: inastahimili maji? inaelea? Isiyoelea ifungwe kamba kwenye jaketi la kuokolea, si kwenye boti.

Betri ndiyo roho ya chombo hiki. Watengenezaji huandika saa nyingi kwenye boksi, lakini hesabu yao kwa kawaida ni kwamba asilimia 5 ya muda unasema, asilimia 5 unapokea, na asilimia 90 redio imekaa kimya. Mtu mwenye shida husema zaidi ya hapo, na kusema ndiko kunakokula chaji. Redio nyingi za mkono zina nguvu ya wati 1 na wati 5 au 6. Mkiwa karibu tumieni wati 1. Mimi hupendelea ile inayokubali pia kasha la betri ndogo za tochi, kwa sababu betri hizo zinauzwa kila kibanda na zinaweza kukaa kwenye mfuko mkavu msimu mzima zikingoja.

Ukiletewa redio na ndugu aliye Marekani, fungua menyu uone imewekwa mpangilio wa nchi gani. Redio za huko huwa na mpangilio wa Marekani, na baadhi ya chaneli ndani yake si sawa na zetu. Ibadilishe iwe ya kimataifa, INT. Chaneli 16 ni ile ile kote duniani, 156.8 MHz. Na zile redio za familia za rangi rangi zinazouzwa huko mbili mbili hazifai kabisa baharini. Za Marekani ziko kwenye masafa ya 462 na 467 MHz, za Ulaya kwenye 446, na meli haisikilizi hapo. Hata kwa kazi ya mtaa wakati wa mafuriko, za Marekani na za Ulaya hazizungumzi pamoja, na ruhusa iliyotolewa kule si ruhusa ya hapa.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi. Hapa Kenya Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ndiyo inayotoa leseni za masafa na kuidhinisha aina za vifaa. Ulizeni kabla ya kununua, hasa mkitaka kuweka kituo nchi kavu, na kwa kikundi ni rahisi kwenda mkiwa pamoja kama BMU. Ila jambo moja lisiwaogopeshe manahodha kama nilivyowaogopesha mimi: chombo kilicho hatarini kinaruhusiwa na kanuni za kimataifa kutumia njia yoyote kilicho nayo ili kuomba msaada. Hakuna faini ya kuita ukizama.

Inafika wapi?

Boksi litakwambia kilomita thelathini au zaidi. Labda ukiwa juu ya mlima na mwenzako bondeni. Mawimbi ya VHF huenda karibu moja kwa moja, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kinachoamua umbali baharini ni urefu wa antena kuliko wati. Ipo hesabu ya kukisia: chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Antena iliyo mita 2 juu ya maji inaona kama kilomita 6. Iliyo mita 16 inaona kama kilomita 16. Jumlisha za pande zote mbili. Boti kwa boti, nahodha akiwa amesimama, ni kilomita 12 siku njema. Boti na antena iliyofungwa juu ya mlingoti wa mita 16 bandarini, ni kama kilomita 22.

Ndiyo maana mimi ningeiambia kamati yoyote ipunguze redio moja ya mkono na fedha hizo ziende kwenye mlingoti. Waya wa antena usiwe mrefu bila sababu, maana waya mwembamba wa bei rahisi hula nguvu njiani, na kiungio chake kifungwe vizuri kwa mpira, chumvi isiingie. Chetu kiliingia chumvi ndani ya miezi mitatu. Tulidhani redio imekufa, kumbe ni kiungio kimeota kutu ya kijani.

Simu nayo usiiache nyumbani. Iweke kwenye mfuko usioingia maji, na ikiwa mtandao upo, 999 au 112. Lakini simu humfikia mtu mmoja unayempigia, na minara imejengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu. Ukiita kwenye 16 anakusikia kila aliye karibu, pamoja na meli zinazoelekea Kilindini, na zile zina antena ndefu na redio za wati 25. Meli ikikusikia inaweza kupeleka habari yako kwa Kituo cha Kuratibu Uokoaji Baharini kilichoko Mombasa, RMRCC, ambacho kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini (KMA).

Kujifunza kusema

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, na ndipo ninapoona vikundi vingi havitumii muda wowote. Redio ya upepo si simu. Mmoja akisema, wote wengine wananyamaza, hata wasipotaka. Katika zoezi letu la pili chaneli nzima ilizibwa kwa robo saa na baharia mmoja aliyekalia redio yake, kitufe kimebonyea chini ya paja. Tulisikia hadithi yote ya posa ya binamu yake. Tulicheka sana. Halafu mzee mmoja akauliza, je, kama mtu angekuwa anazama?

Basi kwanza sikiliza kama chaneli iko wazi. Bonyeza kitufe, ngoja sekunde moja, ndipo useme. Wanaoanza mapema hukatwa neno la kwanza, na mara nyingi neno hilo ni jina la chombo. Redio iwe umbali wa vidole vitatu kutoka mdomoni, mgongo uelekee upepo, sauti ya kawaida. Ukipiga kelele maneno yanapasuka. Shika redio wima, antena ikitazama juu. Ukimaliza sema “ova”, achia kitufe. Ukitaka mazungumzo marefu, mwite mwenzako kwenye 16 kisha hamieni chaneli ya kazi. Kwa boti na boti, 72 na 77 zimetengwa kimataifa na ni za masafa mamoja. Kituo chenu cha nchi kavu kitatumia kile leseni yake itakachosema.

Wito wa hatari tuliufanya kama watoto wanavyohifadhi sura fupi. Kila baharia, si nahodha peke yake, lazima aweze kuusema akiwa amefumba macho:

“Mayday, Mayday, Mayday. Hapa ni boti (jina, mara tatu). Mayday, (jina). Tuko (mahali). Mashine imezima, tunasukumwa kwenye mwamba. Tunahitaji kukokotwa. Tuko watu wanne. Boti nyeupe ya faiba. Ova.”

Mahali patangulie tatizo, kwa sababu betri ikikata katikati, angalau wajue waje wapi. Namba za GPS zisome tarakimu moja moja, polepole. Ukidhani anayesikiliza ni meli ya kigeni, Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, na neno Mayday wanalijua wote. Mashine ikizima lakini hamjawa hatarini bado, wito ni “Pan-Pan” mara tatu. Boti yetu ingeita Pan-Pan jioni ile, na Mayday ilipoanza kusikia mwamba. Ukisikia Mayday ya mwenzako na hakuna anayejibu, jibu wewe, kisha ipeleke mbele kwa kusema “Mayday Relay” na kurudia aliyoyasema. Mayday ya mzaha ni kosa, na majaribio yafanyeni kwenye chaneli ya kazi.

Redio ikirudi nchi kavu, funga vifuniko vyake, isuuze kwa maji baridi, ikaushe kwa kitambaa, ndipo uiweke kwenye chaji. Sisi tumeandika jina la mtu mmoja anayechaji zote jioni, na nyumba yake ina sola, kwa sababu umeme ukikatika hukatika siku ile ile ya dhoruba.

Bandarini kwetu Ijumaa hakuna anayevua. Baada ya sala boti mbili hutoka hadi nje ya mwamba, moja inabaki, nyingine inaendelea mpaka sauti ipotee, nasi tunaandika mahali ilipopotelea. Daftari hilo sasa limejaa kurasa kumi na moja. Mwenye redio kutoka bandari nyingine anakaribishwa, aje nayo ikiwa na chaji.