Taa Isiyo na Nguzo

Usiku wangu wa kwanza Vienna nilitafuta nguzo za taa nikazikosa. Mtaa ulikuwa na mwanga, lakini pembeni hapakuwa na nguzo hata moja. Nilipoinua macho ndipo nikaona: taa ilining'inia katikati ya barabara kwa waya uliotoka ukuta wa jengo hili hadi ukuta wa jengo la ng'ambo. Upepo ulipovuma, vivuli vyetu viliyumba nayo.

Mtindo huo ni wa kale kuliko umeme. Mwaka 1667 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alimteua La Reynie kusimamia polisi wa Paris, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwasha taa mitaani. Zilikuwa taa za mishumaa, zikining'inia kwa kamba zilizovuka barabara. Karne iliyofuata zikaja za mafuta, kamba ikabaki. Mwasha taa aliishusha taa, akaijaza mafuta, akaipandisha tena. Ncha ya kamba ilifungiwa ndani ya kisanduku ukutani, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Kufuli la nini? Si kila mtu aliipenda taa ile. Ilimwonyesha mpita njia shimo lilipo, na ilimwonyesha askari mpita njia alipo. Julai 1830, Paris ilipoasi, watu walizivunja taa mtaa baada ya mtaa ili askari wapigane gizani.

Mimi nimekulia Dar es Salaam. Taa za barabara kubwa ya kwetu zilipoibiwa nyaya, wazee walisema vijana hawana adabu, nami nikaitikia. Mama alirudi usiku kutoka kwenye banda lake la chipsi akimulika njia kwa simu. Wezi wale hawakuwa wanamapinduzi, waliuza shaba. Lakini siku hizi najiuliza kwa nini hakuna aliyewakemea walipokuwa wakikata. Taa zile zilimulika magari. Uchochoro wetu, ambao Mama aliupita kila usiku, ulikuwa na giza hata kabla ya wizi.

Kuanzia mwaka 2017 jiji la Vienna lilibadilisha taa hizi za kuning'inia, likaweka za LED. Taa ya zamani ilishushwa, mpya ikapanda, waya ukabaki. Jengo la huku na jengo la ng'ambo yanaubeba uzito pamoja, na mwanga unaangukia katikati, pasipo na mwenyewe.

Jumapili nilimpigia Mama, nikamwelezea.

"Na huo waya hawauibi?"

"Hawauibi, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo taa inawamulikia wao."