Oili ya Injini ya Rotari katika Magari ya Mazda RX

Oili ya injini ya rotari ni kilainishi kitiwacho katika injini za namna ya Wankel, ambazo badala ya pistoni za kupanda na kushuka zina rota ya pembe tatu izungukayo ndani ya chemba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na ambazo kwa miongo mingi zimetengenezwa kwa wingi na kiwanda cha Mazda cha Hiroshima, Japani, hasa kwa magari yake ya spoti, RX-7 na RX-8. Uteuzi wake hauwi sawa na uteuzi wa oili ya gari la kawaida, kwa kuwa sehemu ya oili hiyo imekusudiwa tangu mwanzo kuungua pamoja na petroli. Mwenye gari la pistoni aonaye oili yake inapungua ana haki ya kuingiwa na hofu. Mwenye rotari aonaye oili yake haipungui hata kidogo ndiye apaswaye kuhofu.

Asili

Injini hii ilibuniwa na Felix Wankel (1902–1988), Mjerumani, na mfano wake wa kwanza uliwaka katika kiwanda cha NSU mwaka 1957. Kampuni ya Toyo Kogyo, ambayo baadaye ilichukua jina la Mazda, ilipata idhini ya kuitengeneza mwaka 1961, na wahandisi wake 47 walioongozwa na Kenichi Yamamoto wakakutana na balaa mbili, zote mahali pale pale ambapo oili hufanya kazi yake. Ya kwanza ilikuwa mikwaruzo ya mawimbi iliyochorwa juu ya ukuta wa chemba na sili za ncha, yaani zile zikaazo katika pembe za rota, ambayo wahandisi wenyewe waliiita kucha za shetani. Ya pili ilikuwa oili kupenya kwa wingi kutoka ubavuni mwa rota, ikaungua na kutoa moshi mweupe mzito. Ya kwanza ilitulizwa kwa sili za kaboni iliyotiwa aluminiamu, na ya pili kwa pete za kuzuia oili, hata gari la Cosmo Sport likaingia sokoni mwaka 1967. RX-7 ilifuata mwaka 1978 ikadumu hadi 2002, na RX-8 ikaundwa kati ya 2003 na 2012.

Kazi ya oili

Rota moja ina sili tatu za ncha, kwa hiyo injini ya rota mbili ina sita, na kila moja hukwaruza ukuta wa chemba muda wote injini iwakapo. Madhali oili ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, haiwezi kuzifikia yenyewe, imewekwa pampu ndogo ya vipimo ivutayo oili kutoka sampu na kuidondosha chembechembe mahali pa kuwakia. Katika RX-7 za mwanzo pampu hiyo ilifungamana na kabureta, na katika zilizofuata ikatawaliwa kwa umeme. RX-8 ilikuwa na vipua viwili vya kudondoshea oili kwa kila chemba hadi ilipofanyiwa marekebisho ya mwaka 2009, yaliyoongeza kipua cha tatu katikati, jambo ambalo ni vigumu kulifasiri isipokuwa kama ungamo la kwamba vile viwili vilikuwa vikiacha upana wa sili bila haki yake.

Kazi ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kupoza. Maji ya rejeta hupita katika kuta za chemba tu, hayaingii ndani ya rota, wala hayawezi. Joto la tumbo la rota huondolewa na oili inayorushwa humo kutoka katika shafti. Ndiyo sababu magari haya yana rejeta za oili kubwa kuliko za magari mengine ya ukubwa wao, na RX-8 ya gia za mkono, iliyoruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika, ilipewa mbili.

Uzito

Uzito wa oili huandikwa kwa mizani ya SAE, ambamo namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi, na ile ifuatayo tabia yake katika joto. Katika Marekani kitabu cha RX-8 kilitaja 5W-20, ilhali Ulaya gari lile lile lilitajiwa 5W-30, na wapenzi wa gari hilo hawajaacha kudai kwamba tofauti hiyo ilitokana zaidi na sheria za Marekani za kubana matumizi ya petroli kuliko na mahitaji ya injini. Iwapo dai hilo ni kweli au si kweli, hesabu zenyewe ni dhahiri: katika nyuzi 100 za Selsiasi oili ya daraja la 20 ina mnato wa sentistoki 6.9 hadi 9.3, ya 30 ina 9.3 hadi 12.5, na ya 50 huanzia 16.3.

Wanaochagua uzito wa juu wana hoja nyingine yenye nguvu, nayo ni petroli. Katika rotari petroli isiyoungua hupenya kidogo kidogo kando ya rota hata ikafika katika sampu, hasa gari liendeshwapo safari fupi fupi bila kupata moto kamili, na oili iliyoingiwa na petroli si tena ya daraja lililoandikwa juu ya kopo. Mwenye kuanza na 20 huenda baada ya mwezi akawa na kitu chepesi kuliko 20. Kwa RX-7 za zamani 20W-50 ilikubalika katika nchi za joto. Na kwa dereva wa Mombasa au Maskati, ambako hakuna asubuhi ya barafu, namba iliyo kabla ya W haina kazi kubwa ya kufanya. Walakini uzito uliozidi nao una gharama, maana oili nzito huchelewa kufika injini inapowashwa na hupunguza nguvu kidogo.

Oili ya madini na oili ya sintetiki

Hakuna suala lililozusha ubishi mrefu kuliko hili. Tawi la Mazda la Marekani kwa miaka mingi halikuipendekeza oili ya sintetiki kwa rotari, na mafundi wakalirithisha katazo hilo kama wasia, wengine wakisema sintetiki haiungui vizuri na huacha utando, wengine kwamba oili za sintetiki za zamani zilidhuru sili za mpira. Wakati huo huo, huko Japani, kampuni ya Idemitsu ilikuwa ikitengeneza oili za sintetiki mahsusi kwa rotari, za uzito wa 10W-30 na 20W-50, na madereva wa mashindano wakazitumia bila msiba.

Ukweli ulio wazi zaidi ni kwamba pande zote mbili zimetazama asili ya oili na kusahau kilichotiwa ndani yake. Oili yenyewe, iwe ya madini au ya sintetiki, huungua ikaisha; kisichoungua ni madini ya viongezeo, yaani zinki, kalsiamu na magnesiamu, ambayo hubaki kuwa majivu meupe juu ya plagi na katika mifereji ya sili. Sili iliyokwama kwa majivu haifuati tena ukuta wa chemba, na mgandamizo hupotea. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutafuta kwanza kiasi cha majivu katika waraka wa oili, jambo ambalo matangazo ya biashara hayana haja ya kulitaja. Hata hivyo viongezeo hivyo hivyo ndivyo vilindavyo beringi za shafti, na hapa ndipo oili moja inapotakiwa kutumikia mabwana wawili.

Kuchanganya oili ya 2T

Baadhi ya wenye magari haya humimina oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili, moja kwa moja katika tangi la petroli, aghalabu mililita 4 hadi 8 kwa lita, wakiacha pampu iendelee na kazi yake. Aliyeiondoa pampu kabisa hana hiari, sharti achanganye, na kwa kipimo kikubwa zaidi. Oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3 haina majivu, na ile ya pikipiki yenye alama ya JASO FD ina moshi mchache. Vipo pia vifaa vya kuipa pampu oili ya 2T kutoka katika tangi lake la pekee, ili ile ya sampu isichomwe.

Kupima na kumwaga

Oili hupimwa kwa kijiti baada ya kila mara mbili za kujaza petroli, gari likiwa mahali palipo sawa, na kijiti kinuswe pia, kwa sababu harufu ya petroli humjulisha fundi mapema kuliko chombo chochote kilicho mbele ya dereva. Humwagwa kila kilomita 5,000 au pungufu. Katika RX-8 utando wa rangi ya maziwa huonekana chini ya kifuniko cha oili, ukawatia watu hofu ya kuharibika kwa sili za maji. Mara nyingi ni mvuke tu uliogandia katika shingo ndefu ya kujazia, na hutoweka gari likienda safari ya kutosha.

Hali ya sasa

Rotari ilirudi mwaka 2023 katika MX-30 R-EV, ikiwa na rota moja ya sentimita za ujazo 830 inayozalisha umeme tu. RX-7 na RX-8 zimebaki mikononi mwa wapenzi. Nchini Kenya, ambako gari lililopita umri wa miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, RX-8 za mwisho zilikwisha kufungiwa mlango, na zilizopo hutunzwa kwa vipuri vya kuagizwa.