Pesa Zimerudi, Lakini Mali Iko Wapi?

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, tuzungumzie jambo linalowakera wengi wanaonunua vitu adimu mtandaoni. Unashinda mnada, unalipa, unaanza kuhesabu siku. Kisha unapata ujumbe: samahani, kitu kimevunjika, pesa zako nimekurudishia. Wiki mbili baadaye unakiona kitu kile kile kinauzwa tena kwa bei ya juu.

Kama ulinunua kebo ya kompyuta, hakuna neno. Pesa zikirudi unavuka barabara na kununua nyingine. Lakini kama ni sarafu ya zamani, stempu, au kompyuta ya mwaka 1981 ikiwa bado kwenye sanduku lake, utavuka barabara uende wapi? Swali hili ni la zamani kuliko intaneti, na historia yake itakusaidia siku yatakapokukuta.

Pembe na mitungi ya Kichina

Tuanzie Uingereza. Kwa kawaida mahakama za kule zilimpa mnunuzi aliyeonewa fidia ya pesa, basi. Hazikumlazimisha muuzaji atoe kitu chenyewe. Lakini mwaka 1684, katika kesi ya Pusey dhidi ya Pusey, kulikuwa na pembe ya kale ambayo familia moja ilisema ilipewa na Mfalme Canute kama hati ya kumiliki shamba. Mahakama iliamuru pembe yenyewe irudishwe kwa mrithi, kwa kuwa pesa zisingenunua pembe nyingine kama ile. Leo pembe hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London.

Kesi iliyo karibu zaidi na yetu ni Falcke dhidi ya Gray, ya mwaka 1859. Bwana mmoja alipanga nyumba yenye vyombo vyake, na wakapatana na mama mwenye nyumba kwamba anaweza kununua mitungi miwili ya Kichina kwa pauni 40. Baadaye mama akaiuza kwa mtu mwingine kwa pauni 200. Jaji alikubali kwamba mitungi ile ilikuwa adimu mno na fidia ya pesa isingetosha. Hata hivyo mnunuzi alikosa, kwa kuwa yeye alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya kale na jaji aliona bei ya pauni 40 ni ya kumwonea yule mama.

Sheria ya mauzo ya Uingereza ya mwaka 1893 ikaweka wazo hili kwenye maandishi: mahakama inaweza kumwamuru muuzaji akabidhi mali mahususi iliyouzwa. Sheria yetu ya Kenya, Sura ya 31, ilitokana na ile ya 1893 na inabeba wazo lile lile. Kwa hiyo tusidhani haya ni mambo ya Wazungu peke yao.

Corvette na ndege

Mwaka 1978 kampuni ya Chevrolet ilitoa toleo maalumu la gari la Corvette kuadhimisha mashindano ya Indianapolis. Huko Missouri, Marekani, mume na mke walipatana na muuzaji, wakaweka amana ya dola 500. Gari lilipofika muuzaji akaona watu wanaligombea, akawaambia wangoje watoe dau kama wengine. Wakaenda kortini. Mwaka 1981 mahakama ya rufani ilikubali kwamba muuzaji atoe gari kwa bei ya mapatano. Yalikuwepo magari mengine ya aina ile, ila kupata jingine lenye hali na vifaa vile kungekuwa kazi na gharama kubwa.

Kisha mnada ukahamia mtandaoni. Pierre Omidyar alianzisha AuctionWeb mwezi Septemba 1995, na mwaka 1997 ikachukua jina la eBay. Moja ya vitu vya kwanza kuuzwa pale ilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Tangu mwanzo vitu vya wakusanyaji vilikuwa moyo wa soko lile.

Mwaka 2006 raia mmoja wa Australia aliweka eBay ndege yake ya Wirraway ya mwaka 1946. Mwingine akatoa dau la dola za Australia 150,000, bei ya chini aliyoitaka muuzaji, na mnada ukafungwa. Muuzaji akakataa kuitoa, maana alikwisha kupatana na mtu mwingine aliyeongeza kama dola 100,000 juu yake. Alijitetea kwamba mnada wa mtandaoni haufungi mkataba. Mwaka 2007, katika kesi ya Smythe dhidi ya Thomas, Mahakama Kuu ya New South Wales ilikataa utetezi huo na kuamuru ndege ikabidhiwe aliyeshinda.

Ujerumani nako mtu aliweka eBay gari la Volkswagen Passat, dau likianzia euro 1. Alipopata mteja wa pembeni wa euro 4,200 akaufuta mnada. Wakati huo kulikuwa na mnunuzi mmoja tu, kwa euro 1 ile ile. Mwezi Novemba 2014 mahakama ya juu ya Ujerumani ilimpa mnunuzi huyo fidia ya euro 5,249, yaani thamani ya gari ukitoa euro 1.

Umeona mfano unavyojirudia, msomaji? Mitungi, Corvette, ndege, Passat: kila mara muuzaji amepata, au ametumaini kupata, mtu wa kumpa zaidi. Na mara nyingi korti imeuliza kwanza kama palikuwa na mapatano.

Kitufe tulichotengeneza sisi

Hapa ndipo watu wa kazi yangu wanapoingia. Omidyar aliongeza mfumo wa maoni mwaka 1996 ili wageni wapimane uaminifu. Mwaka 2008 eBay iliwazuia wauzaji kuwapa wanunuzi maoni mabaya, maana wengine walikuwa wakilipiza kisasi. PayPal, iliyonunuliwa na eBay mwaka 2002, ilirahisisha kurudisha pesa. Yote hayo yalimlinda mnunuzi dhidi ya mwizi, yule anayechukua pesa na kupotea.

Lakini muuzaji wetu wa leo si mwizi wa namna hiyo. Yeye anarudisha kila senti. Kwenye hifadhidata oda inatoka hali ya "imelipwa" kwenda "pesa zimerudishwa", hesabu inasoma sifuri, na programu inaona kila mtu ameridhika. Ulinzi wa mnunuzi nao unafungwa, kwa kuwa ulikuwa ulinzi wa pesa. Hakuna safu kwenye jedwali inayosema kwamba mtu huyu alikuwa ametafuta kitu hiki miaka sita.

Mimi hukusanya kompyuta za zamani. Wakati mmoja nilinunua Sinclair ZX81 kwa muuzaji wa ng'ambo. Ni mashine ndogo yenye kumbukumbu ya kilobaiti 1, iliyouzwa pauni 69.95 ilipotoka mwaka 1981. Baada ya saa chache pesa zilirudi: eti imeanguka ikapasuka. Siku tisa baadaye niliiona tena, mkwaruzo ule ule pembeni, bei mara mbili. Nilipomwandikia alijibu kwa kifupi: pesa si umepata? Mashine sikuipata. Lakini nilikuwa nimehifadhi picha za tangazo la kwanza, nikazituma kwa wenye soko pamoja na za pili, na tangazo likaondolewa.

Ufanyeje basi?

Mimi si wakili, kwa hiyo chukua haya kama ushauri wa jirani.

1. Hifadhi kila kitu siku ile ile unayolipa: picha za tangazo, namba yake, ujumbe, risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Soma sababu ya kuvunja mauzo kabla ya kubofya chochote. Kwenye eBay, muuzaji akisema mali imekwisha au imeharibika, rekodi yake inaguswa. Akisema wewe ndiwe uliyeomba, haiguswi. Kama hukuomba, usikubali kuandikwa kwamba uliomba.

3. Mwandikie kwa adabu: bado nataka kitu, kurudisha pesa hakujafuta mapatano yetu, na kama kimevunjika nitumie picha. Wengi hulegea hapo.

4. Piga hesabu ya tofauti. Kanuni ya zamani ya fidia ni bei ya soko siku ya kukabidhi, ukitoa bei mliyopatana. Kama ulinunua kwa shilingi 10,000 na kitu kama hicho sokoni ni 35,000, hasara yako ni 25,000 hata kama zile 10,000 zimerudi.

5. Kama muuzaji yuko hapa Kenya, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Kama yuko ng'ambo na kitu si cha bei kubwa, gharama ya kumfuata itakuzidi. Toa taarifa kwa wenye soko, andika maoni ya kweli yasiyo na matusi, kisha endelea kutafuta.

6. Kumbuka wale wa pauni 40. Bei ikiwa ya kutupwa mno kwa sababu muuzaji, labda mjane anayeuza vitu vya marehemu, hakujua anachouza, mtu akikukatalia usikimbilie kumwita tapeli.

Na ninyi waandishi wa programu mnaojenga masoko, hasa haya yetu yanayolipwa kwa simu, kazi ni ndogo tu. Muuzaji akirudisha pesa kabla ya kutuma mzigo, msifunge oda kimya kimya. Mwulizeni mnunuzi kama amekubali. Acheni nafasi ya maoni wazi. Tunzeni picha za tangazo la kwanza, na mtu yule yule akiweka kitu kile kile ndani ya miezi miwili, programu ipige kengele. Ni safu mbili tatu kwenye jedwali na sharti moja la kuandika.

Je, limewahi kukupata jambo kama hili? Ulifanyaje, na ulipata kitu chako? Niandikieni hapo chini. Tuonane wiki ijayo, inshallah.